TEKNOLOJIA: Kidole au programu? Kisa cha disketi na aliyekuwa na amri ya kuitoa

YEYOTE aliyejifunza tarakilishi katika mitaa ya Eastlands, jijini Nairobi, mwishoni mwa miaka ya 1990 au mwanzoni mwa miaka ya 2000 bila shaka anaikumbuka sauti ya disketi ikichomoka. Kidole kilisukuma kitufe kilichokuwa usoni pa draivu, springi ikafyatuka, na kile kibamba cha plastiki cha inchi 3.5 kikachungulia nje kama ulimi. Katika vyuo vidogo vilivyokuwa juu ya maduka ya Buruburu, Umoja, Donholm na Kayole, mwanafunzi alipewa onyo moja kabla hata hajafundishwa kuandika barua: usiguse kitufe hicho maadamu taa ndogo ya draivu ingali inawaka.

Wengi wetu tulilichukulia onyo hilo kuwa miiko ya mwalimu, tukalitii bila kuuliza sababu. Kumbe nyuma yake palikuwa na swali lililowatenganisha watengenezaji wa tarakilishi kwa miaka mingi. Je, mwenye haki ya kuamua wakati wa disketi kutoka ni mtu aliyeketi mbele ya mashine, au ni programu inayoiendesha mashine hiyo?

Kwa familia za Eastlands, jambo hilo halikuwa dogo. Kwa miaka kadhaa katika mwongo wa 2000, watahiniwa wa KCSE waliosomea Tarakilishi walitakiwa na Baraza la Mitihani la Kitaifa (KNEC) kuhifadhi majibu ya karatasi ya vitendo katika disketi au sidii. Maagizo yalikuwa wazi: andika jina na nambari yako ya mtihani juu ya disketi, usitumie nywila unapohifadhi kazi, chapisha majibu yako, kisha ukabidhi karatasi hizo pamoja na disketi. Mtahiniwa aliyeichomoa disketi sekunde mbili kabla ya wakati wake angeweza kukabidhi kibamba kisicho na chochote cha kusomeka, akabaki kuzitegemea karatasi alizochapisha, iwapo alikuwa amewahi kuzichapisha.

Orodha na yaliyomo

Ili kuelewa hatari hiyo, ni sharti kufahamu jinsi disketi inavyohifadhi kazi. Ndani ya kile kibamba kuna duara jembamba la plastiki lililopakwa unga wa sumaku. Disketi ya kawaida ya inchi 3.5, ile ya megabaiti 1.44 iliyoenezwa na tarakilishi za IBM PS/2 kuanzia mwaka 1987, ina njia 80 kila upande, na kila njia imegawanywa katika visehemu 18 vya baiti 512 kila kimoja. Ukizidisha, utapata baiti 1,474,560. Duara hilo huzunguka mara 300 kwa dakika, mwendo wa polepole mno ukilinganishwa na ule wa diski ngumu.

Mwanzoni mwa disketi iliyoandaliwa kwa tarakilishi za aina ya IBM kuna jedwali linaloeleza ni visehemu vipi vimetumika na ni vipi vingali huru, pamoja na orodha ya majina ya faili. Barua unayoihifadhi haiandikwi kwa pigo moja. Maneno yake huwekwa katika visehemu vilivyo wazi, kisha kichwa cha kusomea hurudi mwanzoni kwenda kurekebisha jedwali na orodha. Disketi ikichomolewa baina ya hatua hizo mbili, barua huwa imo lakini haijulikani iliko, mithili ya kitabu kilichowekwa rafuni katika maktaba bila kuandikwa katika daftari la mkutubi. Ikichomolewa wakati jedwali lenyewe linaandikwa, hata faili za zamani ambazo hakuna aliyezigusa siku hiyo huenda zikapotea.

Katika chuo kimoja kando ya Barabara ya Jogoo, ambacho hakina haja ya kutajwa, mwandishi wa makala haya aliwahi kutoa disketi taa ikiwaka. Wasifukazi wa kurasa mbili, uliopigwa chapa kwa saa nzima na mtu asiyejua kibodi, uligeuka safu ya alama zisizosomeka. Mwalimu hakukasirika. Alisema tu kwamba sasa onyo limeeleweka.

Kuna kishawishi kingine, nacho ni kasi. Kwa kuwa disketi ni nzito kwa mwendo, waandishi wa programu hutamani kuyaweka mabadiliko katika kumbukumbu ya mashine kwanza, na kuyaandika kwenye disketi baadaye, mashine ikipata nafasi. Mtumiaji huona kazi imekwisha mara moja. Lakini kadiri uandishi unavyocheleweshwa, ndivyo muda wa hatari unavyorefuka, na taa ya draivu haiwezi tena kuaminiwa, kwani huenda imezima ilhali nusu ya kazi ingali katika kumbukumbu.

Hapo ndipo kampuni mbili kubwa zilipoachana njia.

Kitufe cha springi

IBM ilipotoa tarakilishi yake ya binafsi mnamo Agosti 1981, draivu zake za inchi 5.25 zilifungwa kwa mkono tu. Draivu za aina hiyo zilikuwa zimeanza na kampuni ya Shugart mwaka 1976. Mashine haikuwa na uwezo wowote wa kuizuia disketi isitoke. Zaidi ya hayo, ile ya kwanza haikuwa hata na waya wa kuiarifu kwamba disketi imebadilishwa. Waya huo ulikuja na modeli ya AT mwaka 1984. Kabla ya hapo, mtu aliyebadilisha disketi katikati ya kazi aliweza kuifanya mashine iandike jedwali la disketi ya kwanza juu ya disketi ya pili, na kuziharibu kazi za mtu mwingine kabisa. Kuanzia toleo la 4 la mfumo wa DOS, la mwaka 1988, kila disketi iliyoandaliwa upya ilipewa nambari yake ya utambulisho, hivyo mashine iliweza kulalamika ikiletewa disketi isiyo yake.

Kwa kuwa mkono ndio uliokuwa na amri, programu ililazimika kuwa na adabu. Microsoft ilipotoa DOS 6 mwaka 1993, programu yake ya kuharakisha diski, SMARTDRV, ilichelewesha uandishi katika diski ngumu. Katika disketi haikuthubutu. Ilisoma kwa ujanja lakini iliandika papo hapo. Huo ulikuwa uamuzi wa busara. Ulimfanya mtumiaji angoje, lakini ulilipa neno la mwalimu uzito: taa ikizima, kazi imekwisha.

Gharama nayo ilichangia. Springi na kitufe ni rahisi kuunda kuliko injini ya umeme, na watengenezaji wengi wa tarakilishi zilizoiga IBM walishindana kwa bei. Ndizo mashine zilizokuja kujaa Nairobi, nyingi zikiwa zimekwisha kutumika katika ofisi za ng'ambo kabla ya kuuzwa huku au kutolewa kwa shule kama msaada. Shirika la Computers for Schools Kenya, lililoanzishwa mwaka 2002, lilijitwika kazi ya kukarabati mashine za aina hiyo na kuzisambaza shuleni. Ndiyo maana kizazi kizima cha Eastlands kilikua kikiamini kwamba disketi hutolewa kwa kidole na si kwa njia nyingine.

Mashine inayotema

Apple ilishika njia tofauti. Tarakilishi yake ya Lisa, iliyotolewa Januari 1983 kwa bei ya dola 9,995, ilikuwa na draivu mbili za inchi 5.25 zilizopewa jina la utani Twiggy. Zilikuwa na kitufe, lakini kitufe hicho hakikutoa chochote. Kilipeleka ombi tu. Programu ilipokea ombi, ikakamilisha kuhifadhi kazi zilizokuwa zimefunguliwa, ikarekebisha orodha, ndipo ikaiachilia disketi. Draivu za Twiggy zilisumbua mno kwa hitilafu na hazikudumu, lakini wazo lilibaki.

Macintosh ya kwanza, iliyozinduliwa Januari 24, 1984, ilikwenda mbali zaidi. Ilitumia draivu ya Sony ya inchi 3.5 yenye kilobaiti 400, na haikuwa na kitufe kabisa. Ndani yake kulikuwa na injini ndogo ya kuisukuma disketi nje pale tu programu ilipotoa amri. Mtumiaji alichagua amri hiyo katika menyu, au aliikokota picha ya disketi hadi penye picha ya pipa la taka, na mashine ikaitema. Watu wengi walisita kwa hofu walipoambiwa waitie disketi yao pipani, wakidhani wataifuta kazi yote. Hofu hiyo ilikuwa ya haki, maana pipa lilo hilo ndilo lililotumiwa kufutia faili. Apple yenyewe ilikuja kulikiri kosa hilo kwa vitendo: katika mfumo wa Mac OS X wa mwaka 2001, pipa hubadilika na kuwa alama ya kutolea pindi mtu anapokokota diski kuelekea huko.

Faida ya mpango huo ilikuwa dhahiri. Kwa kuwa disketi haikuweza kuondoka bila idhini, Macintosh iliweza kuiweka orodha yake katika kumbukumbu na kuiandika baadaye bila wasiwasi. Iliweza pia kuijua disketi iliyotoka. Ukiitoa kwa amri ya kawaida, picha yake ilibaki kwenye kioo ikiwa imefifia rangi, kama kivuli cha aliyesafiri, ili mashine iweze kuidai tena ikihitajika. Na iliidai kwelikweli! Macintosh ya kwanza ilikuwa na kilobaiti 128 tu za kumbukumbu na draivu moja ndani yake, hivyo kunakili disketi moja kwenda nyingine kulimaanisha kutemewa hii, kuingiza ile, kutemewa ile, kuirudisha hii, mara nyingi mfululizo. Aliyezoea kitufe angeona kana kwamba ni mashine inayomtumia yeye.

Apple haikuwa peke yake. Baadhi ya draivu za Shugart za inchi 8 ziliweza kufungwa mlango kwa kitasa cha umeme kilichotii programu. Sharp ya Japani, katika tarakilishi yake ya X68000 ya mwaka 1987, ilitema disketi za inchi 5.25 kwa injini, na mashine za SPARCstation za kampuni ya Sun zilisubiri mtumiaji aandike neno la amri. Hata hivyo ni Macintosh iliyolifanya jambo hilo kuwa tabia ya kila siku kwa watu wasio wahandisi.

Umeme unapopotea

Swali ambalo wabunifu wa California hawakulazimika kulitafakari sana ni hili: je, stima ikipotea?

Mkazi wa Nairobi hana haja ya kukumbushwa mwaka 2000. Ukame uliyakausha mabwawa ya Mto Tana, ambayo Kenya iliyategemea kwa sehemu kubwa ya umeme wake, na nchi ikaingia katika mgao mkali. Mitaa ilikaa gizani kwa saa nyingi za mchana kwa ratiba iliyochapishwa magazetini. Chuo cha tarakilishi kilichokosa jenereta au betri ya akiba kilifunga milango.

Katika hali hiyo, tofauti ya mifumo hii miwili ilikuwa bayana. Kwa mashine ya kitufe, mwanafunzi aliyepigwa na giza alipoteza kile ambacho hakuwa amekihifadhi, lakini alibonyeza springi na kuondoka na disketi yake kwenda kutafuta mtaa wenye stima. Kwa Macintosh, injini isiyo na umeme haitemi chochote. Disketi ilibaki tumboni mwa mashine. Apple ilikuwa imeacha tundu dogo kando ya mdomo wa draivu kwa ajili ya dharura kama hiyo. Ulinyoosha klipu ya karatasi, ukaipenyeza humo, ukasukuma kwa nguvu hadi disketi ikajitokeza. Njia hiyo ilitumika pia mashine ilipokwama na kugoma kupokea amri, ingawa aliyeweza kuiwasha upya alikuwa na hila nyingine: kukishikilia kitufe cha kipanya wakati mashine inaamka, nayo ikaitema disketi kabla ya kufanya lolote.

Klipu ilitoa disketi, lakini haikuokoa orodha iliyokuwa katika kumbukumbu. Hapa ndipo hoja ya usalama wa Macintosh inapolegea. Mfumo unaochelewesha kuandika huku ukimwahidi mtu kwamba utamlinda unaweza kuitimiza ahadi hiyo pale tu umeme unapokuwepo. Kwa maoni yangu, katika jiji la mgao, kitufe cha springi pamoja na programu inayoandika papo hapo kilikuwa chaguo lililo salama zaidi, hata kama kilichaguliwa kwa sababu ya bei na si kwa kuwafikiria watu wa Umoja.

Lakini kitufe nacho kilikuwa na deni lake. Mashine isiyoweza kuitema disketi huiacha ndani mpaka kesho. Asubuhi mtu anapowasha, tarakilishi ya aina ya IBM ilitazama kwanza draivu A, na ikiwa humo mna disketi, ilisoma kisehemu chake cha kwanza na kukitii. Virusi vya mwanzo viliishi papo hapo. Brain, kilichoandikwa mwaka 1986 na ndugu wawili wa Lahore, Pakistan, kilienea kwa njia hiyo, na baadaye Stoned na Michelangelo. Katika chuo ambacho wanafunzi 40 walipokezana mashine 5, disketi moja iliyosahauliwa jioni ilitosha kuambukiza chumba kizima. Macintosh ilizitema disketi zote ilipozimwa, na ilipowashwa ikakuta disketi isiyo na mfumo wa kuianzisha, iliitupa nje. Hata hivyo isidhaniwe kwamba ilikuwa na kinga: mwaka 1989 kilizuka kirusi cha WDEF, ambacho kiliingia katika Macintosh punde disketi ilipotiwa mdomoni, kwa sababu mashine ilikuwa na pupa ya kuisoma yenyewe bila kuombwa.

Flashi yarithi ugomvi

Apple iliiondoa draivu ya disketi katika iMac ya mwaka 1998, na Sony ikakoma kuuza disketi nchini Japani mwaka 2011. Katika saiba za Eastlands disketi ilikuwa imekwisha kutoweka kabla ya hapo, nafasi yake ikichukuliwa na flashi iliyoning'inizwa shingoni kwa kamba.

Flashi ilirithi mabaya ya pande zote mbili. Kama Macintosh, mfumo wa Windows ulitaka uombwe ruhusa kwanza. Palikuwa na picha ndogo pembeni mwa kioo ya kubonyeza, na ujumbe wa kusema kwamba sasa ni salama kuondoa kifaa. Lakini kama draivu ya kitufe, hakuna kilichouzuia mkono. Mashine iliweza kukataa, ikisema kifaa kingali kinatumika, na mteja ambaye dakika zake zimekwisha akaing'oa tu. Amri ilikuwa ya programu, nguvu ikawa ya kidole. Na kama ilivyokuwa kwa WDEF, mashine ilikuwa na pupa ya kutekeleza kilichomo ndani ya flashi mara inapochomekwa. Kirusi cha Conficker, kilichogunduliwa mwaka 2008, kilitumia mwanya huo miongoni mwa njia zake, mpaka Microsoft ilipoufunga kwa sasisho la Februari 2011.

Cha ajabu ni mahali ambapo Microsoft imeishia. Kuanzia toleo la 1809 la Windows 10, la mwaka 2018, mfumo huo unazichukulia flashi kwa kawaida kama DOS ilivyozichukulia disketi: unaandika bila kuchelewesha, ili aliyeichomoa bila kuaga asipoteze kazi iliyokwisha kuhifadhiwa. Anayetaka kasi zaidi hubadilisha mpangilio huo mwenyewe, na hapo hana budi kuomba ruhusa kabla ya kuing'oa. Hata katika mpangilio wa kawaida, kuichomoa flashi wakati faili inanakiliwa bado ni hatari ile ile ya taa inayowaka.

Kwa msomaji ambaye angali na disketi za zamani katika sanduku chini ya kitanda, zipo draivu za nje zinazochomekwa kwa waya wa USB, nazo zina kitufe cha springi. Zitasoma disketi za megabaiti 1.44, ikiwa unga wa sumaku haujachakaa au kuota ukungu. Disketi za Macintosh za kilobaiti 400 na 800 hazitasomeka humo, kwa sababu draivu zake zilibadilisha kasi ya mzunguko kulingana na njia inayosomwa, ilhali draivu ya USB huzunguka kwa kasi moja. Zitahitaji Macintosh ya enzi hizo au kifaa maalumu, na ikiwa ni Macintosh, basi hakikisha una klipu ya karatasi karibu.